Vitufe Sita vya Kocha

Kocha alikuwa anaweza kumpiga mtu asubuhi, na mchana akamwuliza kama amekula. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi pale Kiwalani, mie na steshenari yangu, yeye na jimu yake ya ndondi. Begi lake la mchanga lilining'inia kwenye boriti iliyobeba paa letu sote wawili, kwa hiyo kijana akipiga kule, huku kwangu rimu za karatasi zinacheza kwenye shelfu. Wateja wageni walishtuka. "Dada, kuna nini huko?" Nawajibu, watu wanapigana. "Na hamwiti polisi?" Nawaambia mmoja wa wanaopigana ndiye polisi, na sikuwa natania. Kulikuwa na askari aliyekuja mazoezini kila Jumamosi na kurudi kwake midomo imevimba.

Jina lake halisi nililiona mara moja tu, kwenye kitambulisho alichonipa nimtolee kopi. Mtaa mzima ulimwita Kocha. Pua yake ilikuwa imelalia upande, na sikio la kushoto lilikuwa donge tu la nyama. Ukiongea naye alikukazia macho mdomoni. Mwanzoni nilidhani ni dharau, mpaka aliponiambia kwamba sikio lile halisikii tena, anasoma midomo. Lakini ungemwona anavyowafunga vijana bendeji kabla ya mazoezi! Kidole kwa kidole, taratibu, kama mtu anayemvalisha soksi mtoto mchanga. Akimaliza anampiga kijana kofi la shavu, anamwambia, "Haya, nenda kaumie."

Alikuwa na neno lake moja: "Usinihesabie ngumi iliyopita hewani. Nihesabie iliyofika." Alilisema ulingoni, na alilisema pia diwani alipoahidi mtaro, na mvua ilipotangazwa redioni isinyeshe.

Siku ya mwizi wa simu nilikuwa nimesimama mlangoni. Walimkamata karibu na kwa muuza mkaa, kijana mwembamba, na nilipotoka nje tayari hakuwa na shati. Mwenye tofali alimpiga kwa tofali, mwenye fimbo kwa fimbo. Mama mmoja ninayemfahamu, mtu wa kwaya, alikuwa anampiga kwa kandambili huku analia kwamba hata yeye aliibiwa. Kisha nikaona tairi linaviringishwa kuja, na nyuma yake mwanamume amebeba chupa ya petroli.

Kocha alitoka jimu na glavu mkono mmoja. Aliwapasua watu kwa mabega mpaka akafika katikati. "Niachieni mie," alisema. Watu wakashangilia. Akamwinua yule kijana kwa mkono wa kushoto, akampiga sumbwi moja la taya. Mlio wake niliusikia pale nilipokuwa nimesimama. Kijana alianguka kama nguo iliyodondoka kambani, hakutikisika tena. Kocha akainama, akamwekea sikio lake zima kifuani, akasimama.

"Amekufa," alisema. "Sasa msiondoke. Polisi wakija tuandikishe majina, wote tulikuwepo."

Sijawahi kuona umati ukiisha haraka vile. Yule wa petroli alikimbia na chupa yake, tairi likabaki njiani. Kocha akambeba kijana hadi ndani, akammwagia maji, na alipozinduka akampakia kwenye bajaji akampeleka zahanati mwenyewe. Aliporudi nilimwuliza, "Kocha, hukuweza kumwokoa bila kumvunja taya?"

"Ningemkumbatia, Mama Neema, wangetuchoma wote wawili."

Mambo kama hayo ndiyo yanayonifanya nishindwe kumweleza kwa mtu asiyemjua. Nikisema alikuwa mkatili, namkumbuka yule kijana. Nikisema alikuwa mwema, namkumbuka baba Neema.

Mume wangu alikuwa ananipiga. Alinipiga nyumbani, mahali ambapo gauni linafunika, na kanisani tulikaa benchi la mbele. Siku moja alisahau utaratibu wake akanipiga dukani, mchana, kwa sababu mteja mmoja alinichekea. Alinishika nywele akanigonga paji la uso kwenye mashine ya fotokopi. Nilipiga kelele. Kocha akaingia.

Alimpiga baba Neema tumboni, halafu mbavuni, halafu usoni, kwa mpangilio, kama anavyofundisha. Baba Neema alianguka, naye hakuacha. Alipiga magoti juu yake akaendelea. Damu ilikuwa inaniingia jichoni, namvuta shati, "Kocha, utamuua! Kocha, ni baba wa mtoto wangu!" Hakunisikia. Nikachukua stepla kubwa ya mezani nikampiga nayo kisogoni. Aligeuka na ngumi ikiwa juu, na nikaona uso ambao sikuwahi kuuona. Meno nje, macho hayanitambui. Nilijua naye atanipiga. Kisha akaushusha mkono, akaketi sakafuni pale pale katikati ya karatasi zilizomwagika, anahema.

"Mie nilimpigaga mama watoto wangu," alisema, bila kuulizwa. "Mpaka akaondoka nao. Najua mkono unavyoanza. Na najua unavyonoga."

Baba Neema alikunywa uji kwa mrija wiki nyingi. Hakunigusa tena, na alipopona akahamia Mwanza. Wanawake wa mtaani walinipongeza, wakaniuliza nimempelekea Kocha zawadi gani. Sikumpelekea kitu. Kila nilipofumba macho niliona ule uso uliogeuka. Kwa miezi hatukusalimiana, na ukuta ukianza kutetemeka naongeza sauti ya redio.

Kilichonirudisha kwake ni msiba wa Mudi.

Mudi alikuwa bondia wake bora, kijana wa watu wa Lindi waliohamia Temeke, mtoto pekee wa mama mjane. Hakuwa na nguvu nyingi. Alipiga akaondoka, akapiga akaondoka, mpinzani anabaki kutafuta alikokwenda. Pambano moja kule Tabata alimchapa mwenzake raundi zote, halafu majaji wakatoa karatasi zao na kumnyanyua yule mwingine mkono. Viti viliruka. Watu walivunjana vichwa. Kocha alirudi na shati lenye damu isiyo yake, na tangu siku ile nilianza kusikia maneno mapya kupitia ukutani. "Pointi wanakula wao! Mlaze! Usikimbie, simama umlaze!" Kila asubuhi, mlaze, mlaze. Kijana wa kupiga na kuondoka akafundishwa kusimama.

Pambano lililofuata alisimama. Sikuwepo, alinisimulia yule askari. Raundi ya tatu jicho moja la Mudi lilikuwa limefunga kabisa, anapigwa kushoto anakoelekea, anapigwa kulia anakorudi. Taulo la kutupa ulingoni kusimamisha pambano lilikuwa begani kwa Kocha. Alilishika, akaliacha, akalishika tena. Alikuwa anaamini ngumi moja ya Mudi itamaliza kila kitu. Taulo lilikuwa bado begani Mudi alipoanguka chali, kisogo kikagonga mbao, povu likamtoka. Alifariki kesho yake hospitali.

Msibani nilikaa na wanawake. Mama Mudi alikuwa ametulia, hata hakulia sana. Kocha alipofika, mama huyo aliinuka, akavuka mpaka upande wa wanaume, akampiga kofi ambalo kila mtu alilisikia.

"Taulo lilikuwa begani kwako," alimwambia. "Kwa nini hukulitupa?"

Kocha alisimama tu. Shavu lilimwiva.

Siku chache baadaye aliingia dukani kwangu. Niliinuka nikasema shikamoo, akasema marahaba, na hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu. Chini ya meza nilikuwa na rundo la kibodi mbovu, nyingine zimemwagikiwa chai, nyingine herufi zimekufa. Alichuchumaa akaokota moja.

"Hii ukibonyeza, kompyuta inajuaje ni herufi gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimechapa kwa miaka yote bila kujiuliza. Akaomba bisibisi. Ndani kulikuwa na mashuka mawili ya plastiki yaliyochorwa mistari, yamelaliana, na kwenye kona, waya unapoingilia, kijibao kidogo cha kijani, hakizidi ukubwa wa kiberiti. Mistari yote ya plastiki iliishia pale, kwenye safu ya vidoa vyeusi. Akang'oa kile cha kijani peke yake, plastiki akatupa. Nikakichomeka kwenye kompyuta. Akachukua kipande cha waya, akagusisha kidoa cha huku na kidoa cha kule, na kwenye kioo ikatokea herufi: t.

"Nini imetoka?"

"T."

Akahamisha waya. "Sasa?"

"Namba tano."

Kocha alicheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Mudi azikwe. Alichotaka ni hiki. Kila jaji apewe vitufe viwili mkononi, kimoja cha bondia mwekundu, kimoja cha bluu. Ngumi ikifika, jaji anabonyeza hapo hapo, herufi inatokea kwenye televisheni mbele ya ukumbi mzima. Majaji watatu, vitufe sita, herufi sita. Mwisho kompyuta inahesabu kila herufi imetokea mara ngapi. "Anayetaka kuiba aibe watu wanamwangalia," alisema. "Na bondia wangu akiwa mbele aone yuko mbele. Asisimame kutafuta kumlaza mtu."

Vitufe vilikuwa vile vya kengele za mlangoni. Alivipachika kwenye vipande vya bomba la maji, vikakaa vizuri kiganjani. Nyaya alizitoa kwenye kebo kuukuu ya mtandao. Shida ilianzia kwenye kuunganisha, maana risasi ya solda ilikataa kushika kwenye vile vidoa vyeusi, inajiviringa na kudondoka. Alivikwangua kwa wembe mpaka shaba ikaonekana chini, hapo ikashika. Vidole vile vilivyovunjika mara ngapi sijui vilikwangua kwa upole mkubwa, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

Tulipojaribu mara ya kwanza, mie nikashika vitufe viwili, yeye viwili, yule askari viwili. Tukabonyeza vitatu kwa pamoja. Zikatokea herufi nne.

"Nani kabonyeza ya nne?" Kocha aliuliza.

Hakuna. Tukarudia. Nne tena. Nikaona shingo yake inavimba. "Nimesema nani kabonyeza!" Askari akainua mikono juu. Kocha alipiga ukuta wangu ngumi iliyotoboa plasta, akaondoka. Alirudi kesho yake na karatasi aliyoichora mistari, ameketi nayo mpaka ameelewa. Vitufe vikishirikiana mistari, umeme unapata njia ya kuzunguka, na kompyuta inadhani kuna kingine kimebonyezwa. Ikabidi tutafute herufi sita ambazo kila moja ina mistari yake miwili isiyogusana na ya mwenzake. Tulizunguka na waya alasiri nzima, yeye akigusisha, mie nikitaja. Kisha tukagundua jaji akikawia kuachia, herufi inajirudia yenyewe. Hilo nililizima mie kwenye kompyuta.

"Ngumi moja, herufi moja," alisema. Plasta hakuiziba.

Mapambano ya mwanzo yalikwenda salama. Watu walipenda kuona herufi zikiruka kwenye televisheni, walizishangilia kama mabao. Mie ndiye niliyekaa mezani na laptopu. Nilizoea kusikia ngumi na kuona herufi, ngumi na herufi, mpaka nikaweza kukaa karibu na ulingo bila kufunga macho.

Kisha ikaja Jumapili moja Temeke, alasiri, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Kijana wa Kocha, mwekundu, alikuwa kipenzi cha pale, na waliomwekea dau walikuwa wengi. Mpinzani alikuwa kijana mkimya kutoka Kawe. Walipigana sana. Wa kwetu alirusha ngumi kubwa zilizofanya watu waruke, lakini nyingi zilipita hewani. Yule wa Kawe alipiga fupi fupi, na kila aliyekuwa anatazama televisheni badala ya kupiga kelele aliona kinachokuja. Kompyuta ilipohesabu, bluu alikuwa mbele.

Mwandaaji wa pambano aliinamia meza. "Kocha, sema mashine imeharibika. Hawa watatuua."

Kocha alinitazama mdomoni. "Imeharibika?"

"Hapana."

Akachukua maiki. "Bluu ameshinda," alisema.

Chupa ya kwanza ilimpata refa. Halafu viti. Yule kijana wa Kawe walimvuta kwa miguu kutoka ulingoni, akawa anapigwa mateke na watu waliovaa viatu vya kanisani. Kocha alinisukuma chini ya meza akasimama mbele yake. Waliokuja kuivunja televisheni aliwaangusha mmoja mmoja, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mmoja alizunguka nyuma, akanishika nywele akaanza kunivuta nje. Kocha aligeuka akampiga. Nilihisi vidole vinaachia nywele zangu, nikaona meno ya yule mtu yakidondoka kwenye sakafu karibu na goti langu, na nilifurahi. Sikujua kama ndani yangu kuna furaha ya namna hiyo.

Lakini kugeuka kule kulimgharimu. Mwingine alimpiga usoni kwa mguu wa kiti uliovunjika, ukaingia jicho la kulia. Alianguka, na wakampanda. Walikanyaga vitufe, wakakanyaga laptopu, wakakanyaga kile kijibao cha kijani mpaka kikakatika. Polisi walipofyatua mabomu ya machozi, Kocha alikuwa kifudifudi.

Kwenye gari la kwenda hospitali nilimshikia kanga usoni, inalowa.

"Herufi zilikuwa sawa?" aliniuliza.

"Zilikuwa sawa, Kocha."

"Basi."

Jicho lile lilitolewa. Jimu ilifungwa. Vijana wake waliona aliwasaliti, hakuna aliyekuja kumwona, na mwenye nyumba akapangisha chumba kwa mwuza vipuri. Mie nilihamishia steshenari Tabata, karibu na nyumbani.

Miaka ikapita. Juzi juzi nilikwenda Temeke kununua vitambaa vya sare za kwaya, nikamwona amesimama pembeni ya barabara na fimbo, anasubiri magari yapungue. Amekonda. Jicho lililobaki lina ukungu.

"Shikamoo Kocha."

Alinisogelea mpaka uso wake ukakaribia mdomo wangu. "Marahaba. Sema tena."

"Ni mie, Mama Neema."

"Mama Neema!" Alinishika bega, mkono bado mzito. Akauliza habari za Neema, nikamwambia ameolewa, mume wake ni mpole. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Nivushe. Naenda kwa mama Mudi."

Tukiwa njiani alinieleza. Alianza kwenda baada ya kutoka hospitali. Anabisha hodi, mama Mudi anafungua, anampiga kofi, anafunga mlango. Yeye anaondoka. Mwezi unaofuata anarudi.

"Miaka yote hii?"

"Aliniuliza swali msibani. Jibu sina. Nikimpelekea shavu ni afadhali kuliko kutokwenda." Halafu akanikumbusha mara mbili, "Atanipiga. Wewe usiingilie."

Nyumba ilikuwa na mlango wa bati na pazia la maua. Alibisha. Mama Mudi alitoka, amezeeka, amejifunga kanga mbili. Aliniangalia, nikamwamkia, akaitikia. Kocha alikuwa ameshavua kofia na kusogeza shavu mbele, jicho amelifumba.

Mama Mudi aliinua mkono. Nikajikaza. Mkono ulikaa juu, kisha akaushusha, akaanza kulikanda bega lake mwenyewe.

"Nina presha," alisema. "Na bega linaniuma. Ingieni ndani."

Kocha hakusogea. "Mama Mudi, bado."

"Bado nini? Wewe ingia, jua kali."

Mie niliingia. Palikuwa na jamvi, sufuria ya wali wa nazi, na samaki wa mchuzi. Alinipakulia, akajipakulia. Tulianza kula, na nje ya pazia tuliona miguu ya Kocha imesimama pale pale. Mama Mudi alikula matonge mawili matatu, akaguna, akainuka, akavuta pazia.

"Unanizibia upepo," alimwambia, akamshika mkono wa shati akamwingiza.

Alimketisha kwenye jamvi, akammiminia maji ya kunawa, akamwekea sahani mapajani. Kocha alikula kichwa chini, machozi yanadondokea kwenye wali. Mama Mudi akanyoosha mkono, akachukua kipande cha samaki kwenye sahani ya Kocha, akaanza kukichambua.

"Kula polepole," alisema. "Samaki huyu ana miiba."